Mguu una nguvu, ila ubongo haujui uko wapi

Ndugu Mhariri,

Makala za afya katika magazeti yetu zikigusia watu wanaopepesuka na kuanguka, ushauri huwa uleule: fanya mazoezi ya kuongeza nguvu, punguza uzito, meza dawa ya maumivu ya mishipa. Naomba nafasi niseme kwamba lipo kundi la wagonjwa ambao ushauri huo hauwasaidii, kwa sababu misuli yao haina kasoro. Mlaze mmoja wao kitandani, mwambie akusukume kwa mguu, utarudi nyuma hatua mbili. Kisha msimamishe, mwambie afumbe macho, ataanguka. Kilichopotea si nguvu bali taarifa. Ubongo haupati tena habari za goti limekunjika kiasi gani, kifundo cha mguu kimeelekea wapi, mkono uko juu au chini.

Shuleni tulikariri milango mitano ya fahamu na huu wa hisia ya mkao, yaani kujua kiungo kilipo bila kukitazama, haukuwemo. Bila huo mtu hawezi kufunga kifungo gizani, kushuka ngazi huku anazungumza, wala kupeleka kijiko mdomoni bila kukitazama. Kazi yake huanzia ndani ya misuli, ambako kuna vipokezi vidogo vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano kuna vingine vinavyopima mvuto, na ngozi inayojikunja juu ya kiungo nayo huchangia. Habari hizo husafiri kwa nyuzi nene za fahamu, zenye ala nene ya mafuta, kwa kasi ya mita 70 hadi 120 kwa sekunde. Maumivu na joto hupita kwenye nyuzi nyembamba, nyingine zisizozidi mita 2 kwa sekunde. Njia zenyewe pia ni tofauti. Habari za mkao hupanda nyuma ya uti wa mgongo, upande uleule, hadi shina la ubongo ndipo zivuke. Za maumivu huvuka mapema, karibu na pale zilipoingilia. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuua njia moja na kuiacha nyingine nzima.

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa vituoni. Mgonjwa anachomwa mguuni kwa ncha ya sindano, anaruka, na kwenye faili inaandikwa kwamba hisia zipo. Zipo kweli, za maumivu. Za mkao hakuna aliyezipima. Na kinyume chake hutokea: mwenye kisukari anaweza kukanyaga kaa la moto asijue, na bado akasimama wima macho yakiwa yamefumbwa. Ni vipimo viwili, na kimoja hakimwakilishi mwenzake.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Mwingereza Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 19 na akifanya kazi ya bucha kisiwani Jersey, alipata homa iliyofuatwa na uharibifu wa nyuzi nene za fahamu. Kuanzia shingoni kwenda chini hakubakiwa na hisia ya mguso wala ya mkao. Maumivu, joto na baridi alivisikia, na mishipa inayoendesha misuli ilikuwa salama. Hata hivyo alilala kitandani kama aliyepooza, kwa sababu mikono na miguu ilikwenda ovyo kila alipojaribu kuitumia. Alijifunza upya kuketi, kula na hatimaye kutembea, kwa kukitazama kila kiungo na kuiwazia kila hatua. Alipofaulu kuketi mara ya kwanza alifurahi, furaha ikamkatisha mawazo, nusura aanguke. Taa zikizimika ghafla akiwa amesimama, huporomoka. Daktari Jonathan Cole, aliyemchunguza kwa miaka mingi, ameeleza kwamba hata baada ya mafanikio hayo mwendo wake haukurudi kuwa wa mazoea. Kila siku anaulipia kwa umakini.

Kwa nini mwendo uharibike ilhali misuli ni mizima? Kwanza, mahali pa kuanzia hapajulikani. Ubongo ukitaka kupeleka mkono kwenye kikombe, lazima ujue mkono wenyewe upo wapi sasa hivi. Ukikosea hapo, mpango mzima unakosewa. Pili, makosa ya njiani hayasahihishwi. Ukisukuma bega mbele, mkono kuanzia kiwiko hupepea kwa uzito wake wenyewe, na mtu mzima wa afya hukaza kiwiko kabla ya kupepea huko bila hata kufikiri. Aliyepoteza hisia ya mkao, ukimwomba aigize kukata mkate huku amefumba macho, kisu chake cha kuigiza hakiendi na kurudi kwenye mstari mmoja, kinachora viduara.

Tatu, hawezi kushikilia kitu pale kilipo. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, vidole vimetawanywa, kisha afumbe macho. Baada ya sekunde chache vidole huanza kuinuka na kushuka kimoja kimoja kama vinapiga kinanda, na mkono mzima hushuka au hupanda taratibu, mwenyewe hana habari. Nyumbani watu huona ni kutetemeka kwa uzee. Tofauti ni rahisi kuiona: akifumbua macho na kuutazama mkono, vidole vinatulia. Kwa sababu hiyohiyo huvunja mayai akiyashika, au kikombe cha uji kinamponyoka pindi anapogeuka kumjibu mtu. Hajui anabana kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo anabana kupita kiasi au anaachia.

Macho ndiyo mbadala mkuu, lakini ni mbadala anayechelewa. Msuli wa mkono ukivutwa ghafla, jibu lake la kwanza huanza ndani ya milisekunde 50. Marekebisho yanayotegemea macho huhitaji zaidi ya 100. Ndiyo maana wagonjwa hawa wanaweza kufanya mengi wakienda polepole, na wakiharakishwa wanavurugika. Kumwambia mtu wa namna hii “kaza mwendo” ni kumwangusha.

Wenyewe hubuni njia zao za kujihami. Iliyo ya hatari kuliko zote ni kulifunga goti kwa kulisukuma nyuma kila wanapokanyaga. Wanafanya hivyo kwa kuwa goti lililokunjika kidogo wanaona litawatoroka. Linawabeba kwa muda, kisha kano za nyuma zinalegea, goti linapinda kinyumenyume, na kwa kuwa kiungo hakitoi taarifa linaendelea kusagika hadi livimbe na kupoteza umbo. Jean-Martin Charcot aliueleza uharibifu wa aina hii mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende ya uti wa mgongo, na leo tunauona zaidi kwenye nyayo za wenye kisukari. Ukiona mzazi wako anatembea magoti yakirudi nyuma, usingoje maumivu. Huenda yasije.

Dalili za mwanzo huonekana nyumbani kabla ya hospitali. Ndala inachomoka mguuni na mtu anaendelea na safari hadi aambiwe. Anatembea miguu imetanuka, anainua unyayo juu na kuubamiza chini kwa kisigino, macho hayatoki ardhini. Mchana anakwenda sokoni na kurudi, usiku kwenda chooni ni vita. Na bafuni, anapojimwagia kopo la maji kichwani, macho yamefumbwa kwa sabuni, ndipo anapoyumba na kushika ukuta. Hilo la bafuni lina uzito kuliko malalamiko yote ya ganzi. Muulizeni kila mzee. Wengine wameitwa walevi kwa mwendo huu, wengine wamepelekwa kwa waganga.

Vipimo havihitaji mashine. Cha kidole gumba cha mguu hufanywa hivi. Mgonjwa amelala au ameketi, mguu umelegezwa. Shika kidole pande zake mbili, kushoto na kulia. Ukikishika juu na chini, mkandamizo wa vidole vyako utamwambia kinaelekea wapi, na utapata majibu sahihi ya uongo. Kisiguse kidole jirani. Mwonyeshe akiwa anatazama: hapa juu, hapa chini. Kisha afumbe macho, nawe ukisogeze milimita chache, mara nane, bila mpangilio. Mwenye afya hupata karibu zote. Anayepata nne kati ya nane anabahatisha, hata kama anajibu kwa uhakika. Akikosa kwenye kidole, jaribu kifundo, kisha goti, ujue upotevu umepanda hadi wapi. Kwa mkono, uweke mkono wake mmoja popote hewani akiwa amefumba macho, umwambie ashike dole gumba la mkono huo kwa mkono wa pili. Aliyepoteza hisia hupapasa hewani, au hufuata mkono kuanzia kiwiko hadi alifikie.

Kipimo cha kusimama kimebeba jina la Moritz Romberg wa Berlin, aliyekieleza katikati ya karne ya 19. Miguu pamoja, bila viatu, mgonjwa akiwa kwenye kona ya kuta mbili na msaidizi mbele yake mikono wazi. Kwanza asimame macho wazi. Kama hata hapo hasimami, kipimo kimeishia hapo na tatizo linaweza kuwa la ubongo wa nyuma au la sikio la ndani. Kama anasimama vizuri, afumbe macho kwa sekunde 30. Kuyumba kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Kupiga hatua au kuanguka ndilo jibu. Msaidizi asimguse wala asizungumze, kwa sababu sauti humwelekeza, na hata ncha ya kidole ikimgusa kidogo tu inatosha kumtuliza. Wapo wanaofanya kipimo hiki wakiwa wamemshika mgonjwa bega, na hicho si kipimo.

Vyanzo ni vingi, vingine vinatibika vikiwahiwa. Kisukari kinajulikana. Upungufu wa vitamini B12 haujulikani vya kutosha, na ndio unaoniuma zaidi kwa kuwa sindano yake ni ya bei nafuu ukilinganisha na hasara. Huharibu njia ileile ya nyuma ya uti wa mgongo. Walio hatarini ni wazee, waliokatwa sehemu ya tumbo, wasiokula nyama, mayai wala maziwa, na waliotumia metformin kwa miaka mingi. Ndiyo, dawa ya kisukari yenyewe. Mgonjwa wa kisukari mwenye miguu isiyojua ilipo asiandikiwe “ni sukari tu” kabla ya B12 kufikiriwa. Mtego mwingine ni vidonge vya foliki asidi vikitolewa peke yake: damu inapanda, picha ya damu inapendeza, na mishipa ya fahamu inaendelea kufa.

Na hapa niseme la vidonge vya vitamini B vya mchanganyiko vinavyonunuliwa dukani kila mguu ukifa ganzi. Vingi vina B6 ya miligramu 100 au 200 kwa kidonge. B6 nyingi kwa muda mrefu ni sumu ya nyuzi zilezile za hisia tunazozizungumzia. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 7 waliopoteza hisia ya mkao kwa kumeza gramu 2 hadi 6 kwa siku. Tangu hapo madhara yameonekana kwa dozi ndogo zaidi, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa B6 pamoja na isoniazidi aendelee nayo, dozi yake ni ndogo na ina sababu. Anayejinunulia mwaka wa tatu huu, hapana.

Kaswende, VVU na baadhi ya dawa za saratani kama cisplatin zimo pia kwenye orodha. Ya cisplatin huweza kuzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa. Kisha kuna mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ambapo magonjwa mawili huchanganywa. Konzo, iliyozuka Tarime mwaka 1985, hukakamaza miguu ghafla, lakini hisia ya mkao inabaki. Ugonjwa mwingine, uliochunguzwa sana Nigeria na Profesa Osuntokun wa Ibadan, huja polepole kwa watu wazima, huchukua hisia za miguu na mara nyingi uwezo wa kuona na kusikia pia. Mgonjwa wa kwanza anasumbuliwa na misuli inayokaza. Wa pili anakosa taarifa, na macho anayoyategemea nayo yanafifia.

Upotevu ulioingia ndani ya siku chache, au unaoambatana na kushindwa kuzuia mkojo, haungoji vipimo vya nyumbani. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mazoezi. Kumbebesha mtu huyu mifuko ya mchanga miguuni ili “aongeze nguvu” hakumrudishii kilichopotea. Mpango unaofaa ulibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na daktari Heinrich Frenkel huko Heiden, Uswisi, na bado hauna gharama. Msingi wake ni usahihi, macho na kuhesabu. Mgonjwa aanze amelala, kichwa kimeinuliwa kwa mito ili aione miguu yake. Uso wa kitanda uwe wa kuteleza, kisigino kipite bila kukwama. Anakunja goti polepole huku kisigino kikiteleza, kwa hesabu ya moja hadi nne, anasimamisha pale mwenzake anaposema, kisha anarudisha kwa hesabu ileile. Mara nne, apumzike, mguu wa pili. Akishaweza bila kuyumba, anasimamisha kisigino hewani sentimita chache juu ya kitanda na kukishusha kwenye goti la mguu mwingine, halafu kwenye ugoko.

Hatua ya pili ni kuketi. Chora kwa chaki misalaba minne sakafuni, mbele, nyuma, kushoto na kulia, na unyayo upelekwe juu ya kila mmoja bila kuukosa. Kuinuka na kuketi kufanywe kwa vipande: vuta miguu nyuma, inamisha kifua mbele, inuka, nyoosha. Hatua ya tatu ni kusimama na kutembea kati ya mistari miwili, kukanyaga alama za nyayo zilizochorwa, na mwisho kugeuka kwa hatua ndogo ndogo badala ya kuzunguka kwa mguu mmoja. Goti lisisukumwe nyuma hata mara moja. Akishindwa kulizuia, arudi hatua ya kuketi. Mara mbili kwa siku, dakika chache, aache kabla ya kuchoka. Mgonjwa aliyechoka hupoteza umakini, na umakini ndio unaomsimamisha. Makosa ninayoyaona kila mara ni mawili: kuruka hatua kwa haraka ya kutembea, na ndugu kumchangamsha kwa maneno wakati anahesabu.

Nyumbani, mwanga ni sehemu ya tiba. Taa ya usiku kati ya kitanda na choo, au tochi kitandani mahali palepale kila siku. Choo kikiwa nje, kamba iliyokazwa kwa urefu wa kiuno kutoka mlangoni hadi chooni. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Aoge ameketi kwenye kigoda kipana, na uso aufute kwa kitambaa, jicho moja likiwa wazi. Fimbo haiko pale kumbeba tu. Mkono ambao bado una hisia hupokea kupitia fimbo habari za ardhi ambazo mguu hauwezi tena kuzitoa. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama na mkono umening'inia. Viatu viwe na mkanda nyuma ya kisigino na soli nyembamba iliyo ngumu kidogo. Soli nene ya sponji watu huinunua kwa huruma, nayo humwongezea kuyumba.

Kwa waliopata kiharusi jambo hili husahaulika zaidi, maana kila mtu anatazama nguvu. Mkono uliokosa taarifa huachwa ukining'inia hata kama unaweza kufanya kazi. Mwaka 1895 watafiti Mott na Sherrington walionyesha kwamba nyani aliyekatwa mizizi ya hisia ya mkono mmoja huacha kuutumia, ingawa mishipa ya kuendesha misuli ni mizima. Miongo kadhaa baadaye mtafiti Edward Taub alionyesha kwamba ukifunga mkono ulio mzima, nyani huyo anautumia ule wenye ubovu. Hapo ndipo ilipotoka tiba ya kuuvisha mkono mzima glavu nene kwa sehemu kubwa ya mchana kwa wiki mbili, huku mwingine ukifanyishwa kazi hadi saa sita kwa siku. Inamfaa anayeweza angalau kuinua kiganja nyuzi 20 na vidole nyuzi 10. Anayehitaji mkono mzima kushika fimbo asifungwe mkono huo akiwa anatembea.

Na madereva, wa bodaboda hasa. Asiyejua bila kutazama kama unyayo wake uko kwenye breki asiendeshe, hata kama miguu ina nguvu za kubeba magunia. Ningependa kliniki za kisukari zipime kidole gumba cha mguu angalau mara moja kwa mwaka, sambamba na sukari na shinikizo la damu, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa: mara ngapi kati ya nane, mguu wa kulia na wa kushoto.

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Tanga